Kodi ya Mlango Ule
Somo: Habakuki 2:15

Jumapili tuliwaombea vijana wa Gataka walionaswa na pombe na bangi. Vizuri. Lakini mimi nilisomea biashara, na najua bidhaa haimfikii mteja bila mlango. Nikatembea kutoka shuleni hadi stejini nikihesabu maduka ya pombe. Mawili yako kwenye ploti za washiriki wetu.

Habakuki pale hamkemei mlevi, anamkemea anayemnywesha jirani yake. Na anayepokea kodi je? (Nilipouliza hivyo mbele ya wazee wa kanisa, chai ilipoa.)

Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shule. Mwananchi anaruhusiwa kupinga leseni kabla haijatolewa. Jumatano baada ya ibada tukae na wazazi na wazee wa Nyumba Kumi, tuandike pingamizi letu.

Mwenye ploti anayeogopa kukosa kodi, tuongee. Kina mama wa chama wanatafuta nafasi ya kuuza nafaka.

Na mzazi ambaye mtoto wake tayari anatumia, piga 1192 ya NACADA, ni bure. Kisha njoo unione. Hatutakutaja madhabahuni.