Umestaafu? Chagua Nyumba Itakayokufaa Uzeeni

Tangu 2009, watumishi wengi wa serikali nchini Kenya hustaafu wakitimiza miaka 60. Swali la kwanza wanaloulizwa ni, "Umejenga wapi?" Leo, msomaji, jiulize na la pili: nyumba hiyo nitaimudu nikiwa na miaka 75?

Tuwatazame wanaorudi Kitale na Bungoma baada ya kufanya kazi Nairobi au Mombasa kwa miaka mingi. Baadhi yao hujenga shambani, mbali na lami. Wengine, hasa waliofiwa na wenzi wao na ambao watoto wao wako mbali, hupanga fleti mjini. Kote kunakalika, bora uzingatie mambo manne.

1. Ngazi. Kati ya watu watatu waliopita miaka 65, karibu mmoja huanguka kila mwaka, na nyonga ikivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani. Ukipanga ghorofa, tafuta chumba cha chini. Hakikisha ngazi zina taa na vyuma vya kushikilia, na sakafu ya bafu haitelezi. Nyumba ya shambani nayo isiwe na choo cha mbali kinachokutoa nje usiku.

2. Malaria na baridi. Bungoma iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haiishi mwaka mzima. Ukikaa Nairobi miaka 30, kinga uliyopata utotoni hupungua. Usiseme, "Mimi ni mzaliwa wa hapa." Lala ndani ya neti, na ukishikwa na homa upimwe siku hiyo hiyo. Kitale, iliyo mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku huwa baridi. Aliyezoea joto la Mombasa ajiandae kwa mavazi mazito, na mgonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kuhama.

3. Hospitali. Presha na kisukari hutaka dawa kila siku na kupimwa mara kwa mara. Piga hesabu ya nauli, na ujiulize mvua ikinyesha usiku gari litafika kwako?

4. Upweke. Fleti yenye majirani wasiojuana inaweza kukuumiza sawa na boma lililobaki tupu. Tafuta chama, kanisa au msikiti, na mtu wa kukujulia hali kila asubuhi.

Jipime leo. Keti kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara tano, mtu akiwa karibu nawe. Ukizidisha sekunde 15, miguu imepungua nguvu na uko katika hatari ya kuanguka. Mwone daktari, na uanze mazoezi.

Fanya haya kabla kiinua mgongo hakijaisha kwenye saruji na mabati. Nyumba kubwa isiyokufaa ukiugua ni mzigo, hata ikisifiwa na kijiji kizima.