Namna ya Kuusoma Msitu wa Kijiji

Ukiiuliza kamati ya maliasili ya kijiji msitu wao ukoje, mara nyingi utatajiwa miti mikubwa: mininga bado ipo upande wa mtoni, mikongo michache imebaki mlimani. Jibu hilo ni la kweli, ila linaeleza mambo ya zamani. Mninga mnene unaouona leo ulianza kukua kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwa mvua, mioto na ulinzi wa wakati ule. Anayetaka kujua msitu unakwenda wapi na atazame chini ya magoti yake, kwenye miche, machipukizi na visiki. Mabadiliko huanzia huko, na yakigunduliwa mapema bado yanarekebishika.

Jambo hili si dogo. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2015, ilikadiria kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Sehemu kubwa ni miombo. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia kwa mpango na sheria ndogo. Lakini kijiji hakiwezi kusimamia vizuri kitu ambacho hakijui kinabadilikaje. Kuna kanuni nne za kushika kwanza, kisha ipo namna ya kupima kwa vifaa ambavyo kijiji chochote kinaweza kuvipata.

Kanuni ya 1: Mwanga huamua nani akue

Miti haifanani kwa uhitaji wa mwanga. Ipo inayopenda jua kali: hukua haraka na hutawala mahali palipofunguka. Ipo pia inayovumilia kivuli, ambayo miche yake hukaa chini ya miti mikubwa kwa miaka ikisubiri nafasi. Mti mmoja ukianguka, pengo dogo hufunguka na kwa kawaida hujazwa na miche iliyokuwa ikisubiri. Eneo kubwa likifyekwa, jua hupiga mpaka ardhini, na wapenda jua ndio wanaofika mbele.

Misitu ya Usambara Mashariki inaonyesha hali hiyo waziwazi. Mti wa msizi, kwa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, si wa asili ya milima ile. Kwao ni pamoja na kanda ya Ziwa Victoria na Uganda. Ulipandwa eneo la Amani enzi za ukoloni. Uvunaji wa magogo kwa mashine ulipofungua mapengo makubwa msituni, msizi ulipata mwanga uliouhitaji, na hondohondo, ndege wanaopenda matunda yake, wakasambaza mbegu kila upande. Mabadiliko hayo yalihitaji mambo matatu kwa pamoja: mbegu, msambazaji na pengo. Ukiona aina mpya ya mti inaongezeka msituni kwenu, tafuta yote matatu kabla ya kutoa hukumu.

Miombo ina tabia yake. Miti yake mingi hutaka mwanga ili ikue, kwa hiyo uchache wa miche chini ya kivuli kizito si ushahidi kuwa msitu unakufa. Kila mahali unapokagua, tazama juu na uandike ni kiasi gani cha anga kinaonekana: robo, nusu au robo tatu. Bila taarifa hiyo, idadi ya miche haitafsiriki.

Kanuni ya 2: Nguvu ya miombo iko ardhini

Mti wa miombo ukikatwa, mara nyingi haufi. Mizizi hubaki hai na kisiki hutoa machipukizi. Wataalamu na wakulima wa Dodoma wanaotunza machipukizi hayo wanaita kazi yao kisiki hai. Shinyanga imeonyesha nguvu hiyo kwa upana mkubwa zaidi. Miti ya mkoa ule ilifyekwa kwa miongo mingi, kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba na malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulihimiza ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho na kuyapumzisha. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo ilitoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa tayari ardhini.

Mninga nao una siri yake. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, shina la mche wake hukauka kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, huku mzizi ukinenepa chini. Mche wa urefu wa kiganja unaweza kuwa na umri wa miaka mingi. Anayefyeka eneo lenye miche ya namna hiyo akiliona ni pori tupu anapoteza kazi ambayo msitu umeifanya kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kagua visiki kwa makini. Andika aina ya mti, upana wa kisiki, kama ni kipya au cha zamani, na kama kina machipukizi. Machipukizi yakiwapo, angalia kama yameliwa na mifugo au kuungua. Kisiki kinachochipua na kuliwa kila mwaka hatimaye humaliza akiba yake na kufa. Kisiki kilichong'olewa kwa ajili ya shamba hakirudi kabisa, na hapo msitu hutegemea mbegu peke yake, njia iliyo ndefu zaidi.

Kanuni ya 3: Moto hupimwa kwa wakati wake

Hakuna miombo isiyojua moto. Swali la kuuliza ni moto ulipita mwezi gani na umerudi mara ngapi. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto huwa mdogo na huruka sehemu nyingi. Mwezi wa Septemba au Oktoba nyasi zimekauka kabisa, upepo ni mkali, na miti imeanza kutoa majani mapya mekundu. Moto wa wakati huo huua miche na machipukizi hata kama miti mikubwa inasalimika.

Karibu na Ndola, Zambia, jaribio lililoanzishwa mwaka 1933 lilifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa. Maeneo ya miombo yaligawanywa: baadhi yalichomwa mapema kila mwaka, mengine yalichomwa mwishoni mwa kiangazi, na mengine yalikingwa na moto kabisa. Yaliyochomwa kwa kuchelewa yalipoteza miti mpaka yakawa nyasi zenye miti michache. Yaliyokingwa yalisongamana, na mimea ya kijani kibichi mwaka mzima ikaanza kuingia. Yaliyochomwa mapema yalibaki miombo. Mvua na udongo vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni wakati wa moto.

Msituni tafuta alama hizi: weusi kwenye magome na urefu wake kutoka chini, vidonda vya moto upande mmoja wa shina, na machipukizi yote kuwa ya kimo kimoja, ishara kwamba yalianza upya pamoja baada ya kuungua. Halafu waulize wafugaji na walina asali mwezi ambao moto ulipita. Andika tu majibu yao, bila kutafuta wa kumlaumu, maana mtu anayeogopa kukamatwa hatakuambia ukweli.

Kanuni ya 4: Msitu unaoendelea una rika zote

Gawa kila aina ya mti katika makundi ambayo watu wanayafahamu: miche, fito, nguzo na miti ya mbao. Aina inayojirithi vizuri huwa na miche mingi, fito chache kidogo, nguzo chache zaidi na miti mikubwa michache. Pengo katika mpangilio huo lina habari. Aina yenye miti mikubwa na miche mingi lakini haina fito wala nguzo ni kama ukoo wenye wazee na watoto wachanga bila vijana: wazee wakiondoka, hakuna wa kushika nafasi. Mara nyingi sababu ni moto wa kila mwaka unaorudisha miche chini, au ukataji wa fito na nguzo za kujengea.

Fanya hesabu hii kwa kila aina peke yake. Jumla ya miti inaweza kubaki ileile huku mpingo na mninga vikipungua na miti isiyo na soko ikijaza nafasi. Kwa macho msitu utaonekana mzima.

Namna ya kupima

Andaa kamba ya mita 15 yenye alama kwenye mita 2 na mita 5, futi ya kitambaa ya fundi cherehani, fimbo ya mita 1.3, rangi, daftari na simu yenye GPS.

1. Chagua sehemu bila upendeleo. Chora mikuza iliyonyooka kwenye ramani ya msitu, kisha weka kituo kila baada ya mita 200. Kituo kikiangukia kwenye tanuri la zamani la mkaa au kichaka cha miiba, pima hapohapo. Ukihama kutafuta pazuri, daftari litaeleza msitu usiokuwapo.

2. Weka alama ya kudumu katikati ya kituo, kwa jiwe au kigingi cha chuma, na urekodi GPS. Piga picha nne: kaskazini, mashariki, kusini na magharibi.

3. Zungusha kamba. Ndani ya mita 15, pima kila mti wenye kipenyo cha sentimeta 20 au zaidi, na visiki vyote. Ndani ya mita 5, pima wenye kipenyo cha sentimeta 5 hadi chini ya 20. Ndani ya mita 2, hesabu miche na machipukizi. Kwenye mteremko, ivute kamba iwe sambamba na upeo, usiilaze juu ya ardhi.

4. Pima mzingo wa shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini na ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimeta 63 ni kipenyo cha sentimeta 20. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3, pima kila shina. Paka mstari mwembamba wa rangi pale ulipopima ili mwingine arudi palepale.

5. Badili hesabu iwe ya hekta. Duara la mita 15 lina mita za mraba 707, hivyo mti mmoja ndani yake unawakilisha miti 14 kwa hekta. Katika duara la mita 5, mti mmoja unawakilisha 127; katika duara la mita 2, mche mmoja unawakilisha takribani 800. Kisha tafuta wastani wa vituo vyote. Tuseme vituo 10 vimetoa mininga 6 yenye kipenyo cha sentimeta 20 na zaidi: 6 mara 14, gawanya kwa 10, ni mininga 8 hivi kwa hekta.

Fanyeni kazi hii Mei au Juni, wakati majani bado yapo ya kutambulia miti na mioto mingi haijapita. Mkichagua mwezi, msiubadilishe. Miche, visiki na moto vikaguliwe kila mwaka. Miti mikubwa inatosha kuipima kila baada ya miaka 5, kwa kuwa miti mingi ya miombo huongezeka kipenyo kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ukiipima kila mwaka, kosa la mkono linaweza kuzidi ukuaji wenyewe.

Kabla ya kutaja sababu

Tuseme mwaka wa pili miche imepungua nusu. Wengine watasema ni ukame, wengine watasema ni wachoma mkaa. Ndiyo maana vituo vinapaswa kuwa katika eneo la uvunaji na pia katika eneo lililofungwa. Ukame hauchagui mpaka wa kamati. Miche ikipungua kote kwa kiasi kinachofanana, sababu ya kufikiria kwanza ni hali ya hewa. Ikipungua upande wa uvunaji peke yake, sababu ya kufikiria kwanza ni matumizi. Tazama pia umbali kutoka barabarani na mashambani, maana pembezoni mwa msitu hupata jua, upepo, mifugo na moto zaidi kuliko katikati. Kituo cha pembezoni kilinganishwe na kituo kingine cha pembezoni.

Peleka daftari kwenye mkutano

Vipimo vina thamani pale vinapoongoza uamuzi. Tengeneza karatasi moja kwa kila aina muhimu ya mti, yenye mistari minne: miche, fito, nguzo, miti ya mbao, kwa kipimo cha sasa na kipimo kilichopita. Ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na uisome katika mkutano mkuu. Fito zikikosekana, jadilini sehemu ya kufungwa kwa ukataji na namna ya kusafisha mikinga moto mapema. Machipukizi yakiliwa, kaeni na wafugaji mpange eneo la kupumzisha na tarehe ya kulifungua. Miti ya mbao ikipungua huku nguzo hazitoshi kuirithi, mwombeni afisa misitu wa wilaya mpitie upya kiwango cha uvunaji kabla kibali kingine hakijatolewa.

Anzeni na vituo vichache mtakavyoweza kuvirudia kila mwaka. Vituo 10 vinavyorudiwa vina faida kuliko 50 vilivyopimwa mara moja na kusahauliwa. Washirikisheni wanafunzi wa sekondari wa kijiji katika kupima na kuandika. Miti inayopimwa leo ikiwa fito itakuwa bado inakua wao wakiwa watu wazima, na watakaokaa kwenye kamati wakati huo watahitaji rekodi ya kweli ya jinsi msitu ulivyofika hapo.