Ruzuku ya Fedha na Masomo ya Mtoto wa Mkulima: Somo kwa Vyama vya Msingi

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na kuzungumzwa katika mikutano ya wanachama. Mwisho wake mwanachama atazamiwa aweze kueleza mambo matatu: sababu zinazomfanya mtoto wa kaya maskini aache shule ingawa ada imefutwa, namna fedha taslimu inavyoweza kumbakiza darasani, na wajibu wa chama cha msingi katika jambo hilo.

1. Ada imeondoka, gharama imebaki

Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufutwa kwa ada katika shule za msingi. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne katika shule za umma, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafikishwa Kidato cha Tano na cha Sita. Hatua hizo zilifungua milango kwa watoto wengi ambao wazazi wao walikuwa wakihangaika.

Hata hivyo, mtoto haendi shule kwa kufutiwa ada peke yake. Huhitaji sare, viatu, madaftari na kalamu. Shule ya sekondari ikiwa mbali, huhitaji nauli, au baiskeli, au godoro la kulalia bwenini. Mara nyingi wazazi huchangia chakula cha mchana. Tena ipo gharama isiyoandikwa katika daftari lolote: kazi ya mtoto mwenyewe. Siku aliyo darasani, hayupo shambani, hachoti maji wala halei mdogo wake. Kwa kaya yenye nguvukazi ndogo, pengo hilo ni kubwa.

Jambo la pili ni majira. Shule hufunguliwa Januari. Kahawa ya Robusta mkoani Kagera huanza kuvunwa yapata mwezi wa Mei. Kwa hiyo mahitaji ya shule humfikia mkulima wakati ambapo fedha ya msimu uliopita imekwisha na ya msimu ujao ingali juu ya mti.

2. Butura: ada inayolipwa kwa siri

Katika majira hayo ndipo huingia butura. Wakulima wa Kagera wanalifahamu sana neno hili: ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au tunda changa, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Viongozi wameipiga vita kwa miaka mingi, lakini haijakoma, kwa kuwa makatazo hayamnunulii mtoto viatu.

Na uchukuliwe mfano wa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Wawili wako shule ya msingi. Wa kwanza, msichana, amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza. Januari bibi anahitaji shilingi 40,000 kwa sare, viatu na madaftari. Anazipata kwa mfanyabiashara, kwa ahadi ya kilo 60 za kahawa ya maganda wakati wa mavuno. Tuseme kwamba msimu ukifika chama kinalipa shilingi 1,500 kwa kilo. Bei hii ni ya kujifunzia hesabu tu. Kilo 60 zingemletea bibi shilingi 90,000. Yeye alikwisha kupokea 40,000. Amepoteza shilingi 50,000.

Hasara hiyo si ya bibi peke yake. Kilo hizo 60 hazikupita katika mizani ya chama, hazikuchangia ushuru wake, wala hazikuhesabiwa katika mauzo yake. Januari ifuatayo bibi atakuwa maskini zaidi kuliko Januari iliyopita, naye atarudi kwa mfanyabiashara yule yule. Siku atakapokosa hata kahawa ya kuahidi, hapana budi achague mtoto wa kubaki nyumbani, na aghalabu msichana ndiye anayebakizwa.

3. Asili ya ruzuku ya fedha

Kuipa kaya maskini fedha taslimu badala ya vitu ni njia iliyojaribiwa katika nchi nyingi. Meksiko ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1997, ikawalipa akina mama ambao watoto wao walihudhuria shule na kliniki. Malipo ya msichana wa sekondari yalikuwa makubwa kuliko ya mvulana, kwa sababu wasichana ndio waliokuwa wakiacha shule zaidi. Brazili iliunganisha mipango yake mwaka 2003. Kenya ilianza majaribio mwaka 2004 kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu.

Nchini Tanzania kazi hii ilipewa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Majaribio ya malipo kwa masharti yalifanyika katika vijiji vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010. Mwaka 2012 ulianzishwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao baadaye ulifikia kaya zipatazo milioni moja. Awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Kaya hazikuchaguliwa na afisa aliyeketi mjini: jamii ya kijiji ilizitaja kwanza, kisha hali zao zikapimwa kwa dodoso, na majina yakarudishwa kijijini kuthibitishwa.

4. Hesabu ya kaya moja

Katika awamu ya kwanza ya Mpango, viwango vya malipo kwa mwezi vilikuwa hivi: kaya, shilingi 10,000, kaya yenye watoto, nyongeza ya 4,000, kila mtoto wa shule ya msingi, 2,000, wasizidi wanne, kila mtoto wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, 4,000, wasizidi watatu. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, na kwa kawaida mpokeaji alikuwa mwanamke wa kaya. Viwango hivyo vilibadilishwa baadaye. Hapa vinatumika kama mfano.

Bibi wa mfano wetu angepata 10,000, na 4,000 kwa kuwa na watoto, na 4,000 kwa wawili wa shule ya msingi, na 4,000 kwa msichana wa sekondari. Jumla ni shilingi 22,000 kwa mwezi, au 44,000 kwa miezi miwili.

Fedha hiyo ni ndogo. Haimtoi mtu katika umaskini kwa mkupuo. Lakini na ilinganishwe na hesabu ya sehemu ya pili. Malipo ya miezi miwili yanatosha mahitaji ya Januari ya 40,000. Kwa hiyo bibi hana sababu ya kuuza kwa butura, na mwezi wa Mei kilo zake 60 ziko mikononi mwake. Amesomesha, na zaidi ya hayo ameokoa shilingi 50,000 ambazo angezipoteza. Nguvu ya ruzuku imo katika wakati inapofika zaidi kuliko katika wingi wake.

5. Masharti na maana yake

Mpango wa Tanzania uliambatanisha sehemu ya malipo na mahudhurio: mwanafunzi alitakiwa awepo shuleni walau asilimia 80 ya siku za masomo. Faida ya sharti ni kwamba linampa mama hoja mbele ya wale wanaotaka mtoto abaki shambani. Hatari yake ni kwamba anayeshindwa kulitimiza, aghalabu ndiye mwenye shida kubwa zaidi.

Jambo hili lilichunguzwa katika wilaya ya Zomba, nchini Malawi, kuanzia mwaka 2008. Baadhi ya wasichana walilipwa kwa sharti la kuhudhuria, wengine bila sharti lolote. Waliowekewa sharti walibaki shuleni zaidi. Lakini katika kundi la wasiowekewa sharti, ndoa na mimba za mapema zilipungua, hasa kwa wale waliokwisha kuacha shule, kwa sababu fedha iliendelea kuwafikia. Funzo ni kwamba mtoto aliyekosa masomo yafaa afuatwe na kuulizwa sababu kabla ya kaya yake kuadhibiwa.

6. Shaka za wanachama

Husemwa kwamba fedha ya bure italewa. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi za Afrika, Asia na Marekani ya Kusini haukuthibitisha hofu hiyo: kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Husemwa pia kwamba ruzuku huzaa uvivu. Katika majaribio ya Tanzania, kaya zilizolipwa ziliongeza mifugo midogo, na zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Mtu anayenunua mbuzi na kulipia matibabu kabla ya kuugua, anapanga maisha yake.

Hata hivyo, mipaka ya ruzuku haina budi kukubaliwa. Fedha haijengi darasa wala haimleti mwalimu wa hesabu. Malipo yakichelewa hadi Machi, Januari imekwisha kupita na butura imekwisha kuingia. Tena mpango wowote wa Serikali huwa na kikomo, na kaya huhitimu au huondolewa.

7. Wajibu wa chama cha msingi

Kwa kuwa ruzuku ina mipaka hiyo, chama kina nafasi yake. Mambo manne yafaa yaamuliwe na mkutano mkuu.

(a) Akiba ya shule. Mwanachama akipenda, chama kimwekee sehemu ya bei ya kila kilo wakati wa mauzo, na kumlipa Januari. Aliyeuza kilo 300 na kuweka shilingi 200 kwa kila kilo, atapokea shilingi 60,000 siku ambayo mtoto anazihitaji. Akiba haiozi, lakini ni ya hiari: katibu asikate hata senti bila saini au dole gumba la mwenyewe. Fedha hiyo iwekwe katika akaunti yake pekee, isichanganywe na fedha ya uendeshaji.

(b) Mkopo mdogo wa Januari. Palipo na chama cha akiba na mikopo, mwanachama apewe mkopo wa mahitaji ya shule, kwa riba iliyo wazi, ulipwe wakati wa mavuno. Huo ndio mshindani wa kweli wa butura.

(c) Ruzuku isiguswe. Haifai kabisa kwa chama, wala kwa kiongozi yeyote, kuitumia siku ya malipo kudai deni la pembejeo au mchango wowote. Fedha hiyo imetolewa kwa ajili ya watoto. Deni la chama lina majira yake na taratibu zake.

(d) Heshima ya kaya. Katibu anayejua nani anapokea ruzuku asilitangaze jambo hilo mkutanoni wala sokoni. Mwanachama maskini ana kura moja, sawa na mwenye shamba kubwa.

8. Maswali ya kujadiliana

Katibu ayasome maswali haya polepole, na awape nafasi akina mama waseme kwanza.

(i) Katika kijiji chetu, ni mahitaji gani ya shule yanayogharimu zaidi mwezi wa Januari? Yaandikwe ubaoni pamoja na bei zake.

(ii) Ni kilo ngapi zinazokadiriwa kupotea kwa butura, au kwa mauzo mengine ya namna hiyo, kila msimu? Chama kinapoteza ushuru kiasi gani?

(iii) Je, wanachama wanataka akiba ya shule? Kama ndiyo, iwe shilingi ngapi kwa kilo, na nani atakayekagua hesabu zake?

(iv) Ni watoto wangapi wa wanachama waliochaguliwa kuingia sekondari mwaka huu, na wangapi walioripoti? Mkutano uwateue watu wawili wa kuzitembelea kaya ambazo watoto wao hawakuripoti, kwa adabu na bila kulaumu, na kuleta taarifa katika mkutano ujao.

Majibu ya swali la nne yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano kabla wanachama hawajatawanyika.