Hewa kavu ndani ya tangi la chatu

Swali: Ninaishi Toronto na ninafuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi kwenye tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu. Tangu baridi ianze, gamba lake linabanduka vipandevipande. Nanyunyiza maji kila siku, lakini unyevu hauvuki asilimia 35. Nifanye nini?

Jibu: Anza na mfuniko. Taa hupasha hewa joto, nayo hupanda na kutokea kwenye wavu pamoja na unyevu wake. Inayoingia badala yake imeshakaushwa na hita ya nyumba. Ziba sehemu kubwa ya wavu kwa karatasi ya alumini, mbali na taa, ukiacha nafasi ya kupitisha hewa.

Kunyunyiza hulowesha juu tu, na baada ya muda mfupi pamekauka. Tandika makumbi ya nazi yaliyosagwa, unene wa sentimita 8 hivi, kisha mimina maji pembeni yazame chini. Juu pabaki pakavu, maana chatu anayelalia majimaji huoza magamba ya tumbo. Lenga asilimia 60 hadi 80.

Upande mmoja wa tangi uwe na nyuzi 32 za Selsiasi, wa pili 26, achague mwenyewe. Na tafadhali, usiwashe kifaa chochote cha joto bila thamostati: nyoka huungua bila kujiondoa.

Gamba lililobaki juu ya jicho usilivute. Akipumua mdomo wazi au kutoa mapovu, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.