Moshi Usioonekana: Hewa ya Jiji na Afya ya Wakazi

Alfajiri ya mwezi Julai jijini Nairobi, moshi wa magari, majiko na taka zinazochomwa hutanda kama ukungu. Hewa ya baridi hukaa karibu na ardhi na upepo huwa mdogo, hivyo moshi hubaki pale pale wanapopita wafanyakazi na wanafunzi. Jua likipanda, ukungu hutoweka. Hata hivyo, sehemu yenye madhara zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho.

Chembe ndogo, madhara makubwa

Vumbi la kawaida hunaswa na vinyweleo na kamasi puani. Chembe ziitwazo PM2.5, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, hupenya kizuizi hicho. Unywele wa binadamu ni mnene kuzishinda kwa takriban mara 30. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu huchangia si kikohozi na pumu pekee, bali pia mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka.

Watoto huumia zaidi

Mapafu ya mtoto bado yanakua, naye hupumua haraka kuliko mtu mzima. Mtoto aliyebebwa mgongoni mama akipika kwa kuni au makaa huvuta moshi ule ule. Moshi wa nyumbani huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wachanga.

Hatua za kuchukua

• Taka zisichomwe, hasa plastiki na mipira, kwani moshi wake una sumu. Mabaki ya chakula yanaweza kufanywa mbolea.
• Jiko la makaa liwashwe nje, na lisiachwe ndani ya chumba cha kulala usiku wa baridi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.
• Anayeweza kupata gesi au stima aitumie kupikia. Asiyeweza afungue mlango na madirisha anapopika.
• Madereva wazime injini wanaposubiri abiria, na magari yafanyiwe ukaguzi mara kwa mara.
• Barakoa ya kitambaa haizuii vyema chembe hizi. Ya aina ya N95 husaidia ikikaa sawasawa usoni.
• Mtoto anayepumua kwa shida au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi apelekwe hospitalini mara moja.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mkazi anayeona taka zikichomwa mtaani anaweza kumwarifu afisa wa afya ya umma wa eneo lake, kwa kuwa moshi wa ploti moja hupumuliwa na mtaa mzima.