Mboga za Mvua za Kwanza

Katika vitabu vya Kiingereza twasoma habari za majira ya kuchipua, ambapo theluji huyeyuka na watu hutoka kutafuta mboga za mwituni. Sisi wa Inyonga hatuna theluji, lakini kuchipua tunako, tena kwa namna ya ajabu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone moja la mvua halijaanguka, mitundu na miyombo huvaa majani mapya mekundu, ambayo baadaye huwa ya kijani. Mvua zenyewe huanza Novemba. Hapo mkulima ana jembe mkononi na ghala lake limepungua, na mahindi mapya yangali mbali. Katika miezi hiyo kitoweo hutoka porini.

Mboga za majani ndizo za kwanza. Mgagani huota wenyewe mashambani na kando ya nyumba. Huchumwa machipukizi machanga kabla haujatoa maua. Huchemshwa, maji yake machungu humwagwa, halafu hupikwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa maziwa. Mlenda wa porini hauna kazi kubwa: magadi kidogo, chumvi, na kuukoroga. Asiyeupenda kwa ajili ya utelezi wake aniachie sahani yake.

Lakini nataka kusema zaidi habari za uyoga, kwa kuwa ndio unaopendwa kuliko mboga hizo zote, na ndio uwezao kuua.

Uyoga si mmea, wala hauwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Uyoga wa kichuguu hulimwa na mchwa. Mchwa hukusanya nyasi na miti mikavu, huitafuna, na kuijengea masega chini ya ardhi. Utando wa uyoga huenea humo na kuyalainisha, ndipo mchwa huyala. Mvua zikinyesha, uyoga hupanda juu kutoka katika masega hayo. Ukichimba kwa uangalifu utaona shina refu kama mzizi linaloshuka mpaka huko chini. Aina moja ya jamii hii, iliyopatikana Zambia na kuelezwa na wataalamu mwaka 1980, kofia yake yaweza kufika upana wa meta 1.

Uyoga mwingine, kama ule wa rangi ya manjano, huishi pamoja na mizizi ya mitundu na miyombo: mti huupa sukari, nao huupa mti maji na chumvi za udongo. Mti ukikatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, uyoga huo nao hutoweka, hata mvua inyeshe namna gani.

Sasa hatari. Watu husema kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba kuchemsha sana huondoa sumu. Si kweli. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haiharibiki kwa moto wa jikoni. Mtu hula, hulala vizuri, na baada ya saa 6 mpaka 24 huanza kutapika na kuharisha. Kisha yaweza kuonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Asingoje, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.

Jaribio moja twaweza kulifanya darasani. Kata kofia ya uyoga, iweke juu ya karatasi, upande wenye mikunjo uwe chini, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utaona unga. Unga wa uyoga wa kichuguu una rangi ya waridi hafifu. Wa ule uyoga mkubwa mweupe wa majanini, uitwao Chlorophyllum molybdites, ni wa kijani, nao hutapisha vibaya. Jaribio hili halimwambii mtu "kula". Laweza kumkataza tu. Mwenye kuruhusu ni mama au bibi ambaye ameuchuma uyoga ule ule, mahali pale pale, miaka mingi.

Akisha kuruhusu, uyoga wa kichuguu hupasuliwa kwa mikono, huoshwa mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, na huchemshwa kwa chumvi. Ukilainika hutiwa karanga zilizotwangwa na kukorogwa juu ya moto mdogo ili usishike chini. Unaobaki huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, na siku ya kupikwa, hata kiangazi, hurowekwa kwanza katika maji ya vuguvugu.