Cheni Inaisha Upesi Msimu wa Masika

Swali: Naendesha baiskeli ya milimani huku Lushoto. Masika yakiingia, cheni na pedi za breki zinaisha upesi mno. Fundi ananishauri nizidishe grisi. Ni sawa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Grisi iliyopakwa juu ya cheni hunasa mchanga, na mchanga huo husaga chuma kama msasa. Ukirudi, osha tope kwa maji ya ndoo na brashi. Usipige maji ya presha kwenye vitovu vya magurudumu; yataingia kwenye beringi. Kausha cheni, tia tone moja la oili kila pingili, kisha futa yote iliyobaki juu.

Pima pia. Pingili 24 za cheni mpya zina urefu wa milimita 305 hivi. Zikifika 307, ibadilishe kabla haijala meno ya gia, ambayo ni ghali kuliko cheni yenyewe.

Kwa breki za diski, pedi za metali hustahimili tope kuliko za resini, ingawa hupiga kelele.

Na udongo mwekundu ukianza kuganda kwenye tairi, tafadhali subiri njia ikauke. Alama za magurudumu hugeuka mifereji ya mvua, na wanakijiji hupita hapo hapo.